Mtandao Unashika Chumbani kwa Mama

Tarehe 9 Februari

Kwako Kitinda, mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Huku tupo. Mjomba anakusalimu, goti bado linamsumbua ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Breki amesimamisha lori lake hapa mlangoni, anasema anapeleka saruji huko kwenye machimbo yenu, nikamwambia angoje nikuandikie. Kukupigia simu siku hizi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mama yuko vilevile. Upande wa kulia haujarudi, na maneno hayajarudi. Lakini anasikia kila kitu. Nikikosea kipimo mbele yake anagonga kiti kwa mkono wake mzima mpaka nipime upya. Mafuta ya kuchua uliyomtumia yamefika, namchua kila asubuhi kabla ya kumkalisha.

Sasa nikuambie. Duka nimelihamishia chumbani kwake. Si kwa kupenda. Mapazia nayauza kwa kuingia laivu, na wewe unaujua mtandao wa nyumba hii. Jikoni haupo. Sebuleni unachungulia kama mdai, kisha unaondoka. Mahali pekee unaposhika ni pale kati ya kitanda cha Mama na dirisha. Basi simu naiegemeza kwenye cherehani, mimi nasimama mbele, Mama yuko nyuma yangu kwenye kiti chake, na dirishani nyuma yake natundika pazia la siku hiyo. Wateja wamemzoea. Wanamwita Bibi Meneja. Wengine wakiingia wanamwamkia yeye kwanza, mimi mwenye duka nasubiri zamu.

Na huu mtandao mbovu nimeufanya msaidizi wangu. Juzi mteja aliniuliza mbele ya watu wote kwa nini pazia lake limechuja rangi, nikakosa la kusema. Nikabaki hivyo hivyo, mdomo wazi, mkono hewani. Wakaandika, "Dada amekatika tena, tumsubiri." Wala sikuwa nimekatika. Nikapata nafasi ya kufikiri, nikasogea, nikasema, "Samahani jamani, mtandao." Tangu siku hiyo ndiyo dawa yangu. Mtu akitaka punguzo la kipuuzi, naganda. Machozi yakija bila kuitwa, naganda mpaka yarudi yalikotoka. Nimekuwa hodari, hata kope hazitikisiki.

Niambie likizo yako ni lini.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 2 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwenye lori la Breki mpaka ikanukia dizeli, lakini imefika. Mimi mzima. Vumbi la mawe limeingia mpaka kwenye meno, ugali ninautafuna mara mbili. Mjomba mwambie goti alichue kwa maji ya moto na ulimi aupumzishe.

Simu usinilaumu. Hapa tunaziacha getini kwenye sanduku kwa sababu ya baruti, wanasema simu ikilia vibaya tutaruka wote. Tunapewa Jumapili tu. Na hiyo Jumapili yenyewe mtandao hauko chini, uko juu. Nyuma ya jiko la kambi kuna tangi la maji limewekwa juu ya nguzo za chuma. Ukipanda ngazi mpaka juu kabisa na ukae upande wa kushoto, unapata. Wenzangu wanapanda kuongea na wake zao. Mimi napanda kuangalia mapazia, wananicheka.

Nilikuona Jumapili iliyopita. Yule mama alipotaka mapazia ya sebule nzima kwa bei ya kitambaa cha mezani, ukaganda. Wateja utawadanganya, mimi hapana. Wewe umekuwa sanamu, Mama nyuma yako anapepesa macho na kugonga kiti. Nilicheka peke yangu huko juu. Siku ukitaka nikuamini, mfundishe na yeye kuganda.

Naomba mgeuze kiti kidogo, aelekee simu. Sasa namwona shavu tu.

Likizo bado. Msimamizi anasema mpaka sehemu ya juu ya mwamba ipasuliwe, labda Juni. Anayeondoka kabla anakuta nafasi yake ina mtu. Lakini Dada, nisikilize. Mama akizidiwa, niambie siku hiyo hiyo. Nitayaacha mawe yao nije. Nataka nimkute, hata kama hanisemeshi. Usinifiche kwa kunihurumia. Mficha maradhi kilio humfichua, na maneno hayo ni yako, si yangu.

Mafuta ya kuchua nimempa Breki chupa nyingine. Ni ya Mama, usiipake visigino.

Kitinda.


Tarehe 21 Machi

Kitinda,

Marahaba. Visigino vyangu havina shida, asante.

Nyumba imetulia. Jirani fundi seremala amepata mtoto wa kike, kila mtu anasema amefanana na randa ya baba yake kwa kelele. Mjomba amepewa ujumbe wako kuhusu ulimi, akanuna siku mbili, ya tatu akaja kula.

Kiti nimekigeuza. Sasa Mama anaitazama simu moja kwa moja. Nikamwambia, "Kitinda anakuangalia akiwa juu ya tangi la maji." Akainua ile futi ya kupimia ambayo hupenda kuishika, akaivuta kidogo. Sijui alitaka kukupima urefu au kukuambia ushuke usije ukaanguka.

Hali yake ni ya kawaida. Chakula amepunguza kidogo. Uji anakunywa nusu kikombe, na hiyo nusu inachukua asubuhi. Nilimwita daktari wa zahanati. Akamsikiliza kifua, akaniita ukumbini, akasema mambo mengi kama wanavyosema madaktari. Nilimshukuru. Usikae ukiwaza.

Biashara inakwenda na vituko vyake. Mke wa mwalimu aliagiza mapazia ya chumba cha wageni. Akanitajia upana vizuri, alipofika kwenye urefu mtandao ukakatika, kweli safari hii. Uliporudi nikasikia mwisho wa sentensi tu, nikaona aibu kumrudisha nyuma, nikashona nilichosikia. Pazia limefika kwake linaishia kwenye magoti. Alinitumia picha, dirisha limevaa kaptula. Mama nilipomwonyesha alitikisika mabega. Ndivyo anavyocheka siku hizi.

Namshonea dirisha lake pazia jipya la kijani, lenye majani. Kitambaa alikichagua mwenyewe, nilimwekea vipande mapajani akakamata hicho na hakutaka kukiachia. Nitalitundika Jumapili ya pili ya Aprili, nitaingia laivu asubuhi watu wakishamaliza kunywa chai. Uwe kwenye tangi lako.

Dada yako.


Tarehe 12 Aprili

Dada, shikamoo.

Natumaini mko salama. Hapa tunaendelea. Mwamba wa juu tumeanza kuutoboa. Mpishi wa kambi amebadilishwa, huyu mpya anapika wali na ndani yake unakuta changarawe, tunasema amechanganya maghala.

Jumapili nilipanda kama ulivyosema. Nilikuona na gauni la bluu. Nilimwona Mama. Pazia la kijani limemkaa vizuri dirishani, marinda yamelala sawa, mkono wako unazidi kuwa kama wake. Ulikuwa unaeleza habari za pete za juu na namna ya kuzipitisha kwenye fimbo. Halafu ukakatika. Ukaganda, na Mama akaganda. Wateja wakaandika, "Mtandao tena." Wengine wakasema watarudi. Niliona wanapungua mmoja mmoja.

Mimi nilikaa. Sikuwa na haraka.

Huko kwenu naona kuna upepo siku hizi. Fungeni madirisha jioni.

Sina la zaidi. Chaja ya simu yangu imeharibika, kwa hiyo usihangaike kunitafuta Jumapili. Nitaandika. Msalimie Mama. Mwambie nilimwona vizuri sana, kiti kiligeuzwa ipasavyo.

Kitinda.


Tarehe 4 Mei

Kitinda,

Marahaba.

Barua yako imefika. Huku hatuna neno. Siku kadhaa nyumba ilikuwa na watu, Mjomba na wanawe, na majirani. Seremala alileta mabenchi. Wamesharudi makwao. Nimefua mashuka yote na mito nimeianika. Vyombo vya watu nimerudisha, kimebaki chungu kimoja sijui ni cha nani.

Biashara inaendelea. Nashona. Wiki hii nimemaliza mapazia ya saluni na ya ofisi ya wakili mmoja, rangi ya kijivu, kitambaa kizito ambacho sindano inalia kukipita. Hata mimi nashangaa, mkono unashona wenyewe. Nakaa asubuhi, nainuka jioni, kuna pazia. Njaa siijui mpaka nione watu wengine wanakula.

Mtandao bado ni ule ule.

Mama hasumbui. Salamu zako nilizisoma kwa sauti chumbani kwake.

Kazi usiiache. Juni si mbali.

Dada.


Tarehe 25 Mei

Dada, shikamoo.

Nashukuru kusikia hamna neno. Na mimi sina neno.

Msimamizi aliniita. Mwamba umekwenda haraka kuliko walivyofikiri, akaniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa unaimba likizo likizo, haya nenda." Nikamwambia nitangoja kidogo. Akaniuliza, "Unangoja nini?" Nikamwambia kuna barua nangoja. Akasema mapenzi yataniua. Nikamwacha aamini hivyo.

Siku hizi baruti ikipigwa sisikii. Naona watu wanaziba masikio, naona mawe yanaruka, ndipo nakumbuka kuziba yangu. Wali wa changarawe nao nimeuzoea. Niliumwa jino, mpishi akaling'oa, sikupiga kelele, akaniuliza kama mimi ni mzima.

Kwa Breki nimekutumia viatu vya wazi, vyepesi, maana wewe unasimama kutwa mbele ya ile simu. Ni vyako. Vaa.

Mjomba asemaje? Yule mtoto wa seremala bado analia?

Msalimie kila mtu aliyepo.

Kitinda.


Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Viatu vimenitosha. Mtoto wa seremala ameota meno mawili na kelele zimepata makali. Mjomba anakaa kimya siku hizi, sikudhani ningeiona siku hiyo.

Mafundi wa mtandao walikuja. Wamesimamisha mnara mwingine nyuma ya ghala la mbao, wakavuta waya mpaka mtaani kwetu. Mtandao umekuwa mzuri, Kitinda. Unashika sebuleni, unashika jikoni, unashika hadi bafuni. Simu zinaingia mfululizo na picha hazikwami. Wateja wakipiga wanasema, "Dada, leo uko laini kama hariri." Kila mtu mtaani anafurahi. Mimi niliwapa mafundi maji ya kunywa, nikarudi ndani nikakaa.

Jumatano niliingia laivu kutoka jikoni, mara ya kwanza tangu lile pazia la kijani. Nilijiambia, chumba cha Mama hakina kazi tena ya duka, nikifunge. Nikaning'iniza mapazia kwenye kamba juu ya meza. Hata sijamaliza kusalimia, mteja mmoja akaandika, "Bibi Meneja yuko wapi leo?" Na mwingine, "Tumemmisi Bibi." Na mwingine, "Kwani siku hizi hatumwoni, amesafiri?"

Nikaganda. Unajua ninavyoganda.

Wakasubiri. Halafu yule mke wa mwalimu, wa dirisha lenye kaptula, akaandika, "Dada, sufuria nyuma yako inafuka. Hujakatika." Nikaisoma na mkono wangu bado uko hewani. Wote wakaona. Na mimi sikujua namna ya kusogea. Mwishowe nikanyoosha kidole nikazima simu.

Kwa hiyo nakuandikia, kwa sababu sasa hakuna mtandao wa kusingizia.

Mama amefariki. Si jana wala juzi. Ni siku ile ya pazia la kijani, ile Jumapili uliyokuwa juu ya tangi. Nilikuwa naeleza habari za pete. Kwenye kioo cha simu najiona mimi na yeye nyuma ya bega langu. Nikaona futi imemtoka mkononi, ikateleza mapajani, ikashuka sakafuni taratibu. Kichwa hakikuanguka, kiliegemea tu. Nikajua. Nilijua kabla sijageuka, na nikajua nikigeuka itakuwa imetokea. Basi sikugeuka. Watu wakaandika, "Mtandao tena." Nikawaacha waamini. Nilisimama mpaka wakaacha kuandika, na walipoacha nikaendelea kusimama.

Tulimzika kesho yake. Mjomba aliniuliza, "Kitinda umemwambia?" Nikamjibu nitamwandikia, na kweli nilikuandikia. Nilikuandikia habari za mapazia ya wakili. Kila nikishika kalamu kuandika neno lenyewe, mkono unaandika kitu kingine. Ulisema unataka umkute. Ulisema nikuambie siku hiyo hiyo. Daktari alishaniambia mwezi Machi kwamba ni suala la wiki, na nikakuandikia usikae ukiwaza. Nilidhani atafika Juni. Nilimpimia Mama siku zake vibaya, na safari hii hakuwepo wa kunigongea kiti.

Sijalia bado. Watu wananisifu kwamba nina moyo. Sina moyo, nina ganzi.

Kuna jambo moja limekuwa likinisumbua tangu Breki alete vile viatu. Nilipekua mzigo wote, mpaka chini ya kiti cha lori. Hukuleta mafuta ya kuchua. Hujawahi kuyasahau.

Chumba chake sijakibadilisha. Pazia la kijani bado liko dirishani, na kuna mteja analitaka hilo hilo, ameuliza mara tatu. Sijamjibu.

Nikasirikie ukitaka. Ila nijibu.

Dada yako.


Tarehe 30 Juni

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako Breki alinipa mkononi, akazima lori, akakaa pembeni mpaka nilipomaliza. Nadhani naye alikuwa anajua.

Sina hasira. Nilishajua.

Siku ile mlipoganda wote wawili, nilicheka kwanza. Nikasema, Mama naye amefundishwa mchezo. Halafu nikaangalia nyuma yake. Pazia lilikuwa linacheza. Lilikuwa linajaa upepo na kurudi, linajaa na kurudi, na wewe mbele yake umesimama. Mtandao wako ulikuwa mzima kabisa, Dada. Nikamtazama Mama macho, yale macho ambayo hata ukiganda yeye hupepesa. Nikayatazama kwa muda mrefu.

Sikushuka. Wenzangu waliniita chakula, nikawaambia nangoja mtandao urudi. Nilikuwa nakuona wewe, peke yako na yeye, na nikasema angalau nisimame nawe kutoka huku, usiwe umesimama mwenyewe. Ulipokaa sakafuni nilikuona. Ulipoiokota ile futi ukaikunja vizuri ukairudisha mkononi mwake, nilikuona. Baadaye simu ikaisha chaji. Chaja yangu haikuharibika. Sijapanda tena kwenye lile tangi.

Kwa nini sikuja, sijui nikuambie nini. Nilisema, dada ataniandikia, na akiniandikia nitakwenda. Ukaandika hatuna neno. Nikaona kumbe inawezekana, kama wewe husemi na mimi sisemi, kukawa hakuna neno kweli. Hata zile salamu za kumpa Mama, za Aprili, nilizituma kwa ajili hiyo. Mafuta niliyashika dukani, nikalipia, nikashindwa kumpa Breki. Niko nayo hapa. Niliyapaka mikono yangu, yananuka kama chumba chake.

Kwa hiyo tusiombane msamaha. Tulikuwa wawili kwenye ujinga huu, mmoja hapo mmoja juu ya tangi.

Nakuja. Breki anapakua kesho, keshokutwa tunaondoka. Nikifika usinipokee mlangoni kwa pole, nitabaki nimesimama barabarani kama nguzo na watu watatushangaa. Niite ndani kama siku zote, nitukane kidogo kwa vumbi, unipe kazi ya mikono. Nipe pete nizipitishe. Nikiwa nimeshika kitu nitaweza kulia, na nadhani wewe pia.

Huyo mteja wa pazia la kijani mjibu. Mwambie lipo na litauzwa, maana Mama hakupenda bidhaa ilale. Lakini mwambie asubiri kidogo. Usilitoe dirishani peke yako. Wewe utashika upande wa kushoto, mimi wa kulia, tutalishusha.

Kitinda wako.